Kadi Zilizonuka Moshi

Nairobi watu huuziwa mbuzi ndani ya gunia kila siku, hilo si jipya. Lakini kuuziwa kompyuta isiyokuwepo kabisa, hilo liliwapata Nyokabi binti Wahu na wenzake wa Chuo cha Jitihada, River Road, mwaka wa 1974. Chuo chenyewe kilikuwa orofani, juu ya duka la misumari na mabati. Pale mlangoni palibandikwa ubao mkubwa wa rangi nyekundu uliosema humo ndani watu wanafundishwa kompyuta. Nyokabi alipanda ngazi siku ya kwanza amevaa sketi yake ya kanisani, akaingia darasani, akaitafuta hiyo kompyuta kwa macho kona zote. Aliona madawati, ubao, mashine moja kuukuu ya kutobolea kadi za karatasi ngumu, ambazo kompyuta za siku hizo zilisoma matobo yake kama amri, na Mwalimu Oloo, ambaye hakuwahi kuivua tai yake hata jua likiwaka vipi.

"Kompyuta iko wapi, Mwalimu?" akauliza.

Oloo akajigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Iko hapa. Ukiielewa hapa, siku utakayoikuta kule kwa wenyewe utakuwa umeshaijua."

Mwingine angedai karo yake pale pale, na angekuwa na haki. Nyokabi alibaki kwa sababu Oloo, pamoja na ujanja wake wote, alijua kufundisha. Alichora miraba ya chaki sakafuni akawasimamisha wanafunzi ndani yake. Mmoja alikuwa ghala la kuweka nambari, mwingine mpiga hesabu, mwingine mchapaji wa kupaza sauti jibu likitoka. Aliyebaki alisoma amri moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeruhusiwa kukisia. Ukiambiwa "ongeza" bila kuambiwa uongeze nini, ulisimama hapo hapo kama kisiki hadi aliyeandika amri akubali kwamba amekosea. Basi jioni zote chuo kizima kilikuwa kinarukaruka juu ya chaki, na mwenye duka la mabati huko chini akigonga dari kwa ufagio kuwaambia wanamwangushia vumbi.

Nyokabi aliipenda kazi ile kupita alivyotarajia. Nyumbani kwao Mutuini, akikata majani ya ng'ombe, alijikuta akiigawanya kazi kuwa amri: shika, kata, weka, kama mzigo haujajaa rudi mwanzo. Alikuwa msichana pekee darasani. Wasichana wengine walikuwa chumba cha pili wakijifunza kupiga taipu, na kila aliyepita mlangoni alimwambia kwa wema, au kwa kile alichodhani ni wema, kwamba amekosea mlango. Aliyekaa naye dawati moja alikuwa Shem Were, kijana wa kutoka upande wa Busia, mcheshi, mwepesi wa kuazima rula na mzito wa kuirudisha. Walielewana.

Sasa sikiliza walivyofanyiwa. Mwezi wa sita Oloo aliwaambia kwamba kampuni moja ya bima kule Upper Hill ina kompyuta ya kweli, na meneja wa mitambo, Bwana Gichuru, anatafuta mwandishi wa programu mmoja. Kila mwanafunzi angeandika programu ya kukokotoa malipo ya mawakala wa kampuni, aitoboe kwenye kadi, na mwisho wa Julai kadi zote zingepelekwa huko zikapitishwe mashineni mara moja tu. Bwana Gichuru alikuja mwenyewe darasani kusema hayo, kwa mdomo wake. "Programu itakayopita na kutoa jibu sahihi, mwenyewe ameajiriwa. Sitaki kujua ametoka wapi wala ni mtoto wa nani."

Maneno hayo Nyokabi aliyashika. Baba yake alikuwa marehemu, na aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba yao ni baba yake mdogo, Ephantus. Huyo alikuwa amekwisha kusema kwamba Julai ikiisha bila kazi, msichana aache kuzurura mjini arudi kwenye majani ya ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya, Ephantus. Alichoshwa tu na kusoma kusikoishia popote. Kwa hiyo kila kitu cha Nyokabi kilikuwa kwenye lile bunda la kadi. Likipita, yeye ni mwandishi wa programu. Lisipopita, ni mundu na gunia.

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Aliipima programu yake juu ya miraba ya chaki mpaka Were, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa ghala, akalalamika kwamba miguu inamwuma. Alipomaliza alizitoboa kadi zake mwenyewe, kila amri kadi yake, akazifunga kwa mpira na kuziweka kabatini na za wengine, maana sheria ya chuo ilikuwa kwamba kadi hazitoki.

Lile kabati lilisimama kwenye ukuta uliopakana na jiko la hoteli ya jirani. Maharagwe yalichemshwa huko tangu alfajiri, na mvuke ulikuwa unapenya ukutani kama ulivyotaka. Hapo ongeza baridi ya Julai. Kadi ikinyonya unyevu huvimba, na kadi iliyovimba huikaba mashine, hilo Oloo mwenyewe alikuwa amewafundisha. Nyokabi alipitisha mkono nyuma ya kabati ukarudi umelowa. Akamwambia mwalimu mbele ya darasa.

"Nyokabi," Oloo akasema bila kugeuka kutoka ubaoni, "mambo ya jikoni waachie wapishi. Hapa tunasoma sayansi."

Darasa lilicheka. Were alicheka pia, kisha akajifanya anakohoa. Nyokabi uso ulimwaka moto, si kwa haya, kwa hasira. Mtu anakuonyesha maji ukutani kwa mkono wake uliolowa, nawe unamwambia habari za wapishi? Jioni ile alilitoa bunda lake kabatini, akalitia kwenye kiondo, akalifunika kwa leso na kwenda nalo kwao. Sheria gani hiyo ya kulinda kadi zioze?

Lakini Mutuini nako Julai si mahali pa kuwekea karatasi. Ukungu hulala mashambani mpaka mchana, na hata shuka za kitanda huwa na ubaridi wa kulowa. Nyokabi alizificha kadi chini ya mto, na kila akiamka alizipapasa kwa wasiwasi. Siku moja alirudi kutoka dukani, mto uko mahali pake, kadi hazipo. Aliitafuta nyumba nzima. Mwisho akaingia jikoni, akainua macho, akaziona ziko kwenye itara, ile dari ya fito juu ya moto ambako mama yake alianika kuni na kuhifadhi mbegu za mwaka ujao. Bunda lilikuwa limekaa baina ya kibuyu cha njugu na mahindi ya mbegu, na moshi ukilipanda taratibu.

"Mama, umeniua."

"Nimekuua na nini?" Wahu alikuwa akipuliza moto.

"Hizi kadi si maharagwe. Hizi ni za mashine. Mashine ya watu!"

"Nilizigusa nikaona zina baridi," Wahu akasema. "Sasa niambie, kitu kinachotakiwa kikae kikavu hukaa wapi katika nyumba hii? Nimekuwekea na mbegu zangu, sikukuwekea na kuni."

Nyokabi alisema maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake, na Wahu akayasikiliza yote, kisha akamwambia akimaliza kupiga kelele ashushe na kuni mbili tatu, kwa sababu hapo ameshapanda kigoda. Kadi zilikuwa kavu kau. Zilikuwa pia zimegeuka rangi ya chai pembeni, na zilinuka moshi kiasi kwamba hata ungezifungia ndani ya sanduku la bati ungezisikia. Hakukuwa na wakati wa kutoboa nyingine. Alizifunga na mpira wake, akaenda nazo vile vile.

Upper Hill waliingizwa chumba chenye kioo, baridi kama mochari, na watu waliovaa makoti meupe wakitembea kwa kunyata utadhani kuna mgonjwa amelala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nyokabi kuiona kompyuta. Alikuwa ameingoja muda wote ule, naye akaitazama makabati yake ya chuma, taa zake, kile kinywa cha kumezea kadi, na akasema moyoni kwamba kweli Oloo hakusema uongo, yeye Nyokabi anaijua.

Mwendesha mashine, Bwana Sifuna, mtu mnene wa mzaha mwingi, alipokea bunda la kwanza. Mashine ikameza kadi chache, ikakwama. Akazichomoa, zimekunjika. La pili likakwama. Bunda la Were lilifika karibu nusu, pakasikika mkwaruzo, na kadi ikatoka vipande viwili. Ikawa hivyo bunda baada ya bunda, Sifuna akifungua kifuniko na kufunga, jasho likimtoka kwenye baridi ile, na Oloo akiishika tai yake kama kamba ya kujiokolea.

"Hizi mliziweka kwenye karai la maji?" Sifuna akauliza.

La mwisho lilikuwa la Nyokabi. Sifuna alilinusa, akaliweka mbali na pua yake, akalinusa tena. "Hizi zilikuwa zinachomwa pamoja na nyama?"

Wakacheka, hata wale ambao kadi zao zilikuwa zimelala mezani zimechanika. Nyokabi hakucheka. Sifuna alizipanga vizuri mkononi, akamwonya asimguse. "Ile mashine yenu ya zamani haichapi nambari juu ya kadi. Hizi zikinimwagikia hapa, hata wewe mwenyewe utalia." Akaziweka mashineni.

Zikapita. Zote, moja baada ya nyingine, bila kukwama popote. Kisha mashine ya kuchapa ikaanza kunguruma na karatasi ndefu ikatoka, kwanza amri zote za Nyokabi kwa mfuatano wake, halafu majina ya mawakala na malipo ya kila mmoja. Oloo alilinganisha na majibu aliyokuwa nayo, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Yote yalikuwa sawa. Sifuna alibaki na kadi, akamkunjia Nyokabi ile karatasi akampa, akamshika mkono wa pongezi, mkono wa kweli wa mtu wa kazi kwa mwenziwe.

Basi asante ya punda ni mateke. Bwana Gichuru aliwaita Nyokabi, Were na Oloo ofisini kwake, akawasimamisha mbele ya meza, akatabasamu.

"Msichana, umenifurahisha," akasema. "Kadi zako zimepita kwa sababu umezitunza, na utunzaji ni jambo kubwa katika kazi hii. Mtu kama wewe nafasi yake ipo, kule chumba cha kutobolea kadi. Njoo uanze Jumatatu."

Nyokabi alidhani hajaelewa. "Na nafasi ya mwandishi wa programu?"

"Hiyo tumempa Were. Mwalimu wenu anasema programu yake ni safi. Ni hali ya hewa tu iliyomwangusha."

Hali ya hewa! Unyevu ukimharibia mwanamume kadi zake, ni hali ya hewa. Usipomharibia mwanamke, basi mwanamke huyo ni mtunzaji mzuri, mpeni ufagio. Programu ya Were ilikuwa haijapita mahali popote isipokuwa kichwani mwa Oloo, na hapo ndipo ilipompatia kazi.

"Bwana Gichuru, ulisema itakayopita," Nyokabi akasema. "Ulikuja darasani ukasema."

"Nilisema, sikatai. Lakini elewa. Waandishi wa programu hufundishwa kwa miaka. Leo uko, kesho umeolewa, keshokutwa una mtoto mgongoni. Kampuni itakuwa imepata hasara."

"Na wa chumba cha kadi hawazai?"

"Huko mko wengi," akasema, na akafungua faili jingine kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Nyokabi alimtazama Oloo, na Oloo akawa anatazama viatu vyake. Alimtazama Were. Were kazi akaichukua.

Nyumbani Ephantus alisema kidogo si haba, kazi ni kazi, na kuna wasichana Mutuini nzima wangeshukuru kuketi ndani ya nyumba ya mawe na kulipwa. Wahu alimsikiliza shemeji yake mpaka akamaliza. Kisha akamwuliza binti yake, "Ulichokwenda kutafuta ndicho walichokupa?"

"Sicho."

"Basi mimi sijui tunaambiwa tushukuru nini," Wahu akasema, akaondoka kwenda kukamua.

Hata hivyo Jumatatu Nyokabi alikwenda. Hakuwa na pengine pa kwenda, na neno la Ephantus lilikuwa neno. Alijiambia njia nzima kwamba atameza, ataketi, atatoboa, na iko siku wataona wenyewe. Chumba cha kadi kilikuwa na wanawake wengi, kila mmoja na mashine yake, kelele za kutoboa zikigonga kichwa. Aliyewekwa kumwonyesha kazi aliitwa Ndunge, mama wa makamo mwenye vidole vya kasi ajabu.

"Wewe ndiye yule programu yake ilipita," Ndunge akasema bila kuacha kutoboa. "Usijali. Hata mimi niliambiwa nikae hapa kidogo tu, kisha watanipandisha kule. Nilikuwa nimefaulu mtihani wao."

"Lini hiyo?"

"Nilikuwa sijazaa. Kifungua mimba wangu sasa yuko darasa la nne."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Gichuru, na nyuma yake Were, amevaa koti jipya jeupe, mkononi ameshika bunda la kadi lenye kingo za rangi ya chai. Nyokabi alilijua kabla halijamfikia. Alilijua kwa harufu.

"Hii ndiyo kazi yako ya kwanza," Gichuru akasema, akalichukua kwa Were na kumpa. "Toboa bunda lingine kama hili, kwenye kadi safi. Hizi zinanukisha chumba changu cha mashine. Kuanzia mwezi huu ndizo zitakazokokotoa malipo ya mawakala."

"Kwa hiyo programu ni nzuri," Nyokabi akasema.

"Nzuri sana. Majibu yake tumeyahakiki mara mbili."

"Na nani ataiendesha?"

"Were. Itakuwa chini yake, kwa jina lake, kama desturi ya ofisi."

Were aliinamisha kichwa. "Nyokabi, mimi sikuomba."

"Wala hukukataa."

Hapo ndipo yale yote aliyojiambia njiani yalipomtoka. Angeweza kuvumilia wakimkatalia kazi, watu hukatalia watu kazi kila siku. Lakini kumkataa yeye, kisha wachukue alichokizaa kwa kichwa chake mwenyewe, wampe mwingine akipe jina lake, halafu wamwite mama mzazi aje amfulie mtoto nepi! Alivua ule mpira. Aliligawanya bunda katika mafungu mezani, akachukua fungu akalipenyeza ndani ya jingine, akakata, akapenyeza tena, juu yakaenda chini, chini yakaenda katikati, kama wanaume wanavyochanganya karata nje ya maduka ya Dagoretti.

Gichuru alidhani anazihesabu. Were ndiye aliyeelewa kwanza. "Nyokabi, ngoja," akasema, akapiga hatua mbele. Mashine zikanyamaza moja moja. Ndunge alikuwa amegeuka na kiti chake kizima. Nyokabi alichanganya mpaka akaridhika, akazilinganisha kingo vizuri kabisa, akazifunga mpira na kuziweka mkononi mwa Bwana Gichuru.

"Hizo hapo. Hakuna iliyopotea wala iliyochanika."

Gichuru akaanza kuelewa. Akampa Were. "Zipange."

Were alichukua kadi ya juu, akaigeuza, akachukua ya pili. Matobo tu, hakuna nambari, hakuna herufi. Ile karatasi yenye mfuatano ilikuwa Mutuini, sandukuni kwa Nyokabi. Na Were, aliyesimama kwenye mraba wa chaki jioni zote zile akilalamikia miguu, hakuwahi hata siku moja kumwuliza amri zake zinafuatana vipi.

"Sijui ipi inafuata ipi," akasema polepole.

"Zipange wewe," Gichuru akamgeukia Nyokabi. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mwisho wa mwezi umefika, mawakala wanangoja. Zipange sasa hivi."

"Hiyo si kazi ya chumba cha kadi," Nyokabi akasema. "Hiyo ni kazi ya mwandishi wa programu. Mwajirini."

Kisha akavuta kiti, akakaa.